Mwenye kuvumilia si kama haumwe: juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana



Juma hili sitaandika juu ya mbolea wala juu ya bei ya mahindi. Nataka kuandika juu ya maneno. Najua wengine watasema: «Huyu agronomu, maneno yanamuhusu nini?» Ngojeni kwanza. Neno moja tu la Kiingereza, ambalo nililitafsiri vibaya, lilimuharibia mama mmoja wa Walungu kazi ya mwaka muzima, na dada yake tena. Tangu siku ile nasoma makamusi sawa vile wengine wanasomaka Biblia, na niko na hukumu yangu juu ya hayo makamusi: yale yanayosaidia mtu kama sisi, na yale yanayotudanganya tukiyatazama tu.

Mambo yalikuwa hivi. Nilipewa kazi ya kutengeneza karatasi ya Kiswahili kwa vikundi vya walimaji, juu ya aina mpya ya mihogo. Karatasi ya asili ilikuwa ya Kiingereza. Mle ndani neno «tolerant» lilirudi mara tano au sita: ile aina ni «tolerant» kwa ugonjwa wa mozaiki, ule unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano. Mimi ni mtoto wa shule ya Kifaransa. Tangu shule ya msingi nilifundishwa kwamba kurudilia neno ni umaskini. Mwalimu alikuwa anapiga msitari mwekundu chini ya kila neno lililorudi. Basi nikaona aibu kuandika «inavumilia» mara sita. Nikafungua ordinateri, nikatafuta maneno yanayofanana na «tolerant», ikaniletea «resistant». Nikatafuta yanayofanana na «resistant», ikaniletea «immune». Hatua mbili ndogo tu, na nilikuwa nimekwisha kuvuka mto bila kuona maji.

Karatasi yangu ilisema hivi: fasi ya kwanza, «inavumilia ugonjwa»; fasi ya pili, «inapinga ugonjwa»; fasi ya tatu, kwa herufi kubwa, «haishikwi na ugonjwa». Ilisomeka vizuri. Mkubwa wangu wa kazi alinipongeza kwa Kiswahili kitamu.

Miezi saba kisha, nilipita mu kikundi kimoja. Mama mmoja akaniita: «Agronomu, karibu. Kuya uone bintu byako.» Akanipeleka mu shamba. Majani yalikuwa yamejikunja, na madoa yake yanaonekana toka barabarani. Akaniuliza bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza: «Mwana wangu, ulituandikiaka kama hizi hazigonjwaka. Sasa hii ni nini?»

Nilianza kumueleza. Nilisema: mama, mihogo yako itazaa, usihofu, hii aina inaweza kuwa na ugonjwa na bado inatoa chakula. Akanikatiza: «Yangu itazaa. Na ya dada yangu? Nilimukatia miti, akaipanda kandokando ya mihogo yake ya zamani, juu ulisema haina shida.» Twende kwa dada. Mihogo yake ya zamani, ile ambayo haikuwa na nguvu yoyote mbele ya mozaiki, ilikuwa imekwisha. Mashina yalikuwa kama ya mtoto aliyekosa maziwa.

Sikuwa na neno. Yule mama ndiye alilipata, tukiwa tunarudi: «Ungesema tu inavumilia, sisi tungesikia. Mwenye kuvumilia si kama haumwe.»

Kwa wasio wa kitivo chetu, acha nieleze. Mmea ulio «immune» hauambukizwi kabisa: kirusi kinakuja, hakipati mlango. Mmea ulio «resistant» unaweza kuambukizwa, lakini unapigana: kirusi hakizai sana ndani yake, na dalili zinakuwa chache. Mmea ulio «tolerant» unaambukizwa, kirusi kinazaa ndani yake, lakini mavuno hayapungui sana. Kwa mwenye shamba, hiyo ni habari njema: atakula. Kwa jirani yake ni hatari, juu ule mmea ni nyumba ya kirusi. Nzi weupe, wale ambao wataalamu wanaita Bemisia tabaci, wananyonya hapa, wanaruka, wananyonya pale. Na mtu akikata mti kwenye shina lenye ugonjwa na kuupanda kwingine, amepanda ugonjwa pamoja na muhogo.

Mambo hayo niliyasoma. Nilifanya mtihani juu yake, nikapata pointi nzuri. Lakini siku ile ya kuandika nilisahau agronomia yangu mbele ya orodha ya maneno. Kosa la kwanza ni langu, silikatai. Lakini nilipotafuta mzizi wake, nilikuta kuna watu waliojua hatari hii zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Mu 1718, padri mmoja wa Ufaransa, Gabriel Girard, alichapisha kitabu juu ya usahihi wa lugha ya Kifaransa. Wazo lake: maneno mawili yanaweza kufanana sana, lakini hayawi sawa kabisa. Alichukua maneno yanayofanana, akayaweka pamoja, akaonyesha kila moja linasimama wapi. Mu 1794, mwandishi wa Uingereza, Hester Lynch Piozzi, alifanya kazi kama hiyo kwa Kiingereza. Yeye aliolewa na mwanamuziki wa Italia, na kitabu chake kiliwawazia wageni wanaosema Kiingereza na kuchanganya maneno. Mu 1816, George Crabb akatoa kitabu kinene zaidi juu ya jambo lilelile. Ninyi mnaoogopa Kiingereza, muone: zamani kulikuwa na watu walioona kwamba kuonyesha tofauti ni kazi ya kweli, inayostahili kitabu kizima.

Kiisha, mu 1852, kikaja kitabu cha daktari Peter Mark Roget, kinachoitwa Thesaurus. Alikianza kama daftari lake mwenyewe, na mu 1805 alikuwa na rasimu ya kwanza. Kilipochapishwa mu London alikuwa na miaka 73. Roget alifanya kitu kingine. Hakueleza maana ya maneno. Aliyapanga kwa mafungu ya mawazo, karibu vichwa 1,000, na chini ya kila kichwa akamwaga maneno yanayokaribiana. Na alikuwa mkweli: mu utangulizi alisema kwamba kutofautisha maneno yanayofanana ni kazi nyingine, na kwamba yeye hakuingia ndani yake. Alikuwa anamwandikia mtu anayejua maneno tayari, ila neno limemtoroka kidogo, anataka kulikumbuka.

Kile kitabu kilishinda. Kinachapishwa mpaka leo. Vya Piozzi na Crabb, ni nani kati yetu amevisikia? Na ile orodha tunayoipata mu ordinateri ni mjukuu wa Roget, mjukuu aliyepoteza utangulizi wa babu yake. Inatoa maneno bila onyo.

Hukumu yangu juu ya Roget ni hii. Kitabu chake ni mfuko wa mbegu za maharagi zilizochanganywa. Mle ndani muko maharagi marefu yanayotaka vijiti na maharagi mafupi yanayosimama yenyewe. Mama aliyelima miaka 30 anatia mkono, anaangalia rangi na ukubwa, anachagua bila kukosa. Lakini mpatie mtu wa mjini mfuko uleule. Atapanda marefu bila vijiti, na atasema mbegu ni mbaya. Mbegu si mbaya. Mfuko haukuandikwa juu yake, na yeye hakujua kusoma mbegu. Sisi tunaojifunza Kiingereza kama lugha ya nne au ya tano ni yule mtu wa mjini.

Crabb naye simsifu bila kumkosoa. Alipenda sana kutafuta mzizi wa neno mu Kilatini na lugha zingine za zamani, kana kwamba mzizi unatuambia kila kitu. Hapana. Neno «nice», ambalo leo linamaanisha kizuri au cha kupendeza, linatoka kwa neno la Kilatini la mtu asiyejua, mjinga. Ukifuata mzizi, utamtukana mtu uliyetaka kumsifu. Mzizi unaonyesha neno lilitoka wapi. Hauonyeshi linakaa wapi leo.

Nani basi alitusaidia sisi wageni? Kwangu mimi ni A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Kiingereza mu Japani tangu 1924. Aliona kwamba wanafunzi wake hawakosi maana tu, wanakosa namna ya kutumia. Yeye na wenzake wakatengeneza kamusi kwa ajili ya mwanafunzi, ikatoka kwanza mu Japani mu 1942, na kiisha ikachapishwa na Oxford mu 1948. Matoleo ya siku hizi yako na visanduku vidogo vinavyoweka maneno yanayofanana pamoja na kusema tofauti yake. Nikimpata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye feza ya kitabu kimoja cha Kiingereza, nitamwambia anunue kamusi ya namna hiyo, aache orodha.

Lakini hata kamusi ya namna hiyo iko na upungufu mmoja, na hapa ndipo nataka tujadiliane. Iliandikwa kwa kila mgeni wa dunia. Haijui kwamba mimi nimepita kwa Kifaransa mbele ya kufika kwa Kiingereza. Haijui tena kwamba nyumbani niko na Kiswahili.

Tuanze na Kifaransa. Tangu Wanormani waliposhinda Uingereza mu 1066, Kiingereza kilikula maneno mengi sana ya Kifaransa, juu ya yale ya asili ambayo kilikuwa nayo. Kiisha watu wa elimu wakaongeza ya Kilatini. Njo maana Kiingereza kiko na maneno matatu fasi ambapo wengine wako na moja: «kingly», «royal», «regal», yote ya kifalme. Sasa, sisi wa Kongo tukiona maneno mawili, moja linafanana na Kifaransa na lingine hatulijui, tunachagua lipi? Lile la rafiki yetu, kila mara. Na kila mara Kiingereza chetu kinavaa koti na tai mu shamba.

Mfano wa kitivo chetu: udongo ambao mizizi inaweza kushuka mbali. Kwa Kifaransa tunasema ni «profond». Basi mu rapori ya Kiingereza mwenzangu aliandika «profound soil». Maneno «deep» na «profound» kamusi ndogo inayaweka pamoja, virgili moja tu katikati. Lakini «deep» ni ya shimo, ya maji, ya udongo, ya usingizi, na hata ya mawazo. Ile «profound» ni ya mawazo, ya huzuni, ya mabadiliko makubwa. «Profound soil» ni udongo unaofikiri. Tulicheka sana, lakini rapori ilikuwa imekwisha kutumwa.

Na tusicheke wengine peke yao. Mimi ndiye niliyependekeza jina la Kiingereza la umoja wetu kwa ile karatasi ya maombi, mnakumbuka? Niliandika «Association of Ancient Students», juu kwa Kifaransa sisi ni «anciens». Kumbe «ancient» ni ya miaka elfu na elfu: piramidi za Misri, Roma ya zamani. Nilipaswa kuandika «former», aliyekuwa na sasa siye tena. Ningeuliza Kiswahili changu kwanza, kingeniokoa: mwanafunzi wa zamani ni yule aliyemaliza, mwanafunzi wa kale ni mtu wa makumbusho. Zamani na kale, tofauti tunayo mu kinywa tangu utoto. Lakini sikuuliza. Nilitoka Kifaransa moja kwa moja kwenda Kiingereza, na Kiswahili nilikiacha mlangoni sawa mtumishi.

Hapo ndipo neno langu kubwa liko. Tunaambiwaka kila siku kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya kusifu, kwamba tuko tu na -zuri, -baya, -kubwa na -dogo. Anayesema hivyo anatafuta fasi mbaya. Kiingereza kinaweka hali ya kitu mu kivumishi. Sisi mara nyingi tunaiweka mu kitendo: imeiva, imekomaa, imenyauka, imeloa, imekonda, imevumilia. Ukihesabu vivumishi peke yake, utatuona maskini. Ukihesabu na vitendo, hesabu inabadilika.

Chukua «mature» na «ripe». Kwa Kifaransa neno «mûr» linabeba yote mawili, na njo maana wengi wetu tunayachanganya. Lakini muulize mama yeyote anayetengeneza kasiksi. Ndizi anaikata ikiwa imekomaa, lakini haijaiva. Kiisha anaivundika mu shimo, na majani ya mgomba, siku kadhaa, mpaka iive. Akiikata mbele haijakomaa, haitaiva vizuri hata ukiivundika juma nzima. Akiingojea iive mtini, ndege na popo watakuwa wa kwanza. «Mature» ni imekomaa: imemaliza kukua. «Ripe» ni imeiva: iko tayari kwa kinywa. Yule mama hajui neno moja la Kiingereza, lakini tofauti anaijua kwa mikono. Mimi niliijifunza tena mwaka wa pili wa chuo, kwa Kifaransa, na nilikosa swali.

Chukua «moist», «damp», «wet» na «humid». Kifaransa kinaweza kusema «humide» karibu kwa yote. Kwa Kiingereza, «humid» ni ya hewa: Kisangani ni «humid», udongo ni mwingine. «Moist» ni unyevu unaoutaka: keki laini, udongo tayari kwa mbegu. «Damp» ni unyevu mdogo usioutaka: ukuta wa nyumba, nguo iliyokosa jua, gunia la maharagi ambalo litaota ukungu. «Wet» ni imeloa, maji yanaonekana. Tazama «moist» na «damp»: kiasi cha maji kinaweza kuwa kilekile. Kinachobadilika ni roho ya msemaji. Mmoja anafurahi, mwingine analalamika.

Na hapa agronomia inasaidia lugha. Kamata udongo mu mkono, uukaze. Ukishikana kama donge, na ukiugusa kwa kidole unavunjika, huo ni «moist», panda. Maji yakitoka kati ya vidole, huo ni «wet», rudi nyumbani, ukilima leo utaukanyaga uwe sawa tofali. Maji yakisimama shambani na hewa ikakosa kuingia, huo ni «waterlogged», na maharagi yatakufa mizizi kwanza. Mkono wako ni kamusi. Mtu akikuandikia kwamba mbegu inataka «moist soil», na wewe ukamwambia mlimaji «udongo wenye maji», umemuua mbegu kabla ya kuota.

Roho ya msemaji ni jambo kubwa kwa maneno juu ya watu pia. «Thin» ni mwembamba, bila sifa wala lawama. «Slim» ni mwembamba na inampendeza. «Skinny» ni amekonda, na mara nyingi mtu hapendi kuitwa hivyo. Sisi tunajua vizuri sana hatari ya kumwambia mtu «umekonda» mbele ya wageni: watu wataanza kuuliza anaumwa nini. Basi usiseme kwamba tofauti ya «slim» na «skinny» ni ngumu. Unayo tayari.

Nisidanganye: Kiswahili nacho kinaficha mambo. Neno letu mbichi ni mfuko mwingine uliochanganywa. Muhogo mbichi ni upi? Uliotoka udongoni leo, au ambao haujapikwa? Ndizi mbichi haijaiva, nyama mbichi haijapikwa, nguo mbichi haijakauka. Kiingereza kinatenganisha: «fresh», «raw», «unripe», «damp». Na hii si mchezo. Tani za «fresh cassava» ni uzito wa mihogo yenye maji yake, kabla ya kukausha. Ukichanganya na uzito wa mihogo mikavu, hesabu ya proje nzima inaanguka. Na kula «raw» mihogo michungu ni sumu, kila mzee anaijua: lazima iloweshwe, ianikwe, ipikwe. Hapo Kiingereza ndicho kinatufundisha kufungua neno letu na kuangalia kuna nini ndani. Basi hakuna lugha inayoona yote. Kila moja iko na taa yake, na iko na giza lake.

Kwa hiyo nafanyaje sasa nikikuta maneno mawili yanayofanana? Najiuliza maswali manne, na nawapatia muyajaribu.

La kwanza: ni kiasi? Moja ni kidogo, lingine ni nyingi, kama «moist» na «wet»? La pili: ni roho ya msemaji? Anasifu, analaumu, au anapima tu? La tatu: neno linatembea na nani? Mwanaisimu mmoja wa Uingereza, J. R. Firth, alifundisha mu 1957 kwamba neno unalijua kwa wale linaotembea nao. «Deep» inatembea na udongo. «Profound» haitembei naye. Ukisoma mistari kumi yenye neno, utaona marafiki zake. La nne, na kwa sisi wa kazi ya mikono ndilo kubwa: mtu akisadiki neno hili, atafanya nini kesho asubuhi? Akisadiki «immune», atakata miti na kumpatia dada yake. Akisadiki «tolerant», ataangalia majani kwanza. Kama matendo ni mawili, maneno si sawa, hata orodha zote za dunia ziyaweke pamoja.

Na kwa walimu wenzangu walio mu umoja huu, niko na ombi moja. Ile sheria ya kutorudilia neno, muiweke fasi yake. Ni nzuri kwa barua na kwa insha. Lakini mu karatasi ya dawa, ya mbegu, ya mbolea, neno lirudi mara kumi kama kitu ni kilekile. Msomaji akiona neno jipya, ana haki ya kufikiri kwamba ni kitu kipya. Yule mama hakukosa kusoma. Alisoma vizuri kuliko nilivyoandika: aliona maneno matatu, akachagua lile lenye herufi kubwa.

Karatasi niliiandika upya. Iko na ubaya wote ambao mwalimu wangu angeupigia msitari mwekundu. Inasema: «Aina hii inavumilia mozaiki. Kuvumilia maana yake inaweza kuugua na bado ikazaa. Kwa sababu inavumilia tu, usikate mbegu kwenye shina lenye majani yaliyojikunja. Kwa sababu inavumilia tu, usiipande karibu na mihogo isiyovumilia.» Mara tano, neno lilelile. Niliisoma kwanza kwa sauti mbele ya yule mama. Alitikisa kichwa, akasema sasa inasikika. Kiisha akaniuliza kama niko na miti isiyougua kwa ajili ya dada yake, na nilimjibu kwamba bado natafuta.

Wenye maneno mawili ya Kiingereza yaliyowahi kuwachanganya kazini, mu hospitali, mu benki, mu madini, muyalete. Mseme na yaliwagharimu nini. Tutatengeneza orodha yetu wenyewe, na katikati ya maneno hatutaweka virgili.